Nimezirudisha fedha za chama kabla mtu hajajua: je, niwaambie ninaowaongoza?

Mwana wa Mtongwe ameuliza:

Assalam aleikum, na heshima kwenu nyote, ndugu zangu wa dini zote.

Mimi ni mkaazi wa Likoni, upande wa Mtongwe, na kwa miaka 3 sasa nimekuwa mwenyekiti wa chama cha vijana 28, Waislamu kwa Wakristo, kinachokodisha mahema na viti kwa harusi na matanga. Sehemu ya faida huwalipia karo watoto wa mtaani wasio na wa kuwalipia. Nadhani nilichaguliwa kwa sababu ya msikiti, kwa kuwa nilikuwa nikiwasomesha watoto Kurani jioni na watu wakaona kwamba mtu wa namna hiyo hawezi kula jasho la wenzake. Tangu hapo nimekuwa nikifungua kila kikao kwa mawaidha mafupi juu ya amana, nikichagua maneno ambayo hata wenzangu Wakristo watayapokea kama yao.

Mwezi wa Novemba mama yangu alilazwa. Jumamosi ya wiki ile mteja mmoja alikuwa amenilipa mkononi shilingi 12,000 za mahema, nami nilipaswa kuzipeleka benki Jumatatu. Jumapili usiku nikaambiwa kwamba mama hataingizwa chumba cha upasuaji mpaka kitolewe kitangulizi, nikachukua 8,500 katika zile fedha bila kumwambia mtu. Baada ya siku 19 nilipata mshahara, nikafidia, nikaziweka benki zote 12,000, na katika daftari nikaandika siku hiyo kuwa ndiyo siku mteja alipolipa. Hesabu zimesimama sawa, hakuna aliyepungukiwa na senti, na mama amepona, namshukuru Mungu.

Lakini mawaidha yamenishinda. Nikilitaja neno amana, ulimi unakuwa mzito. Mwezi uliopita kijana wetu wa miaka 19, ambaye miaka 2 iliyopita alikuwa akishinda maskani na watu wabaya, alisimama mbele ya kikao akasema kwamba anataka kuishi kama ninavyoishi mimi, na wenzake wakampigia makofi. Nililia usiku ule.

Naomba mnijibu kwa moyo mweupe. Je, kiongozi anayetaka kukua katika imani na tabia anawajibika kuwafunulia anaowaongoza kosa ambalo amekwisha kulirekebisha, au amwachie Mola aliyemsitiri? Naiogopa aibu yangu, sikatai, lakini naogopa zaidi kwamba wale wanaosema watu wa dini ndio wezi wakubwa watapata ushahidi, na kijana yule atarudi alikotoka.

Kijana wa Changamwe amejibu:

Kaka, pole kwa maradhi ya mama. Mimi nakushauri unyamaze. Nimekuwa katika chama kilichovunjika kwa sababu ya habari ndogo kuliko hiyo. Kiongozi alisimama akasema ukweli akitaraji kusamehewa, na kabla ya Magharibi habari ilikuwa imevuka mitaa 3 ikiwa imeongezwa sifuri mbili. Watoto waliokuwa wakilipiwa karo ndio walioumia, si yeye. Ulichukua kwa dharura ya kumwokoa mzazi na ukarudisha. Weka sheria kwamba mwenyekiti hashiki tena fedha taslimu, itekeleze kwako kwanza, na umwombe Mungu msamaha katika sijda zako. Si kila ukweli unaomjenga anayeusikia.

Ustadh wa Majengo amejibu:

Wa aleikum salaam warahmatullah, mwanangu.

Ndugu yetu wa Changamwe amesema kwa huruma, na katika maneno yake kuna jambo la kweli, kwani dini yetu imetukataza kuitangaza dhambi ambayo Mola ameisitiri. Hata hivyo, sitara hiyo ni ya dhambi iliyo baina ya mja na Mola wake. Wanazuoni wameitajia toba masharti 3, nayo ni kuiacha dhambi, kujuta na kuazimia kutoirudia; na inapoingia haki ya mwanadamu, huongezwa la 4, la kumrudishia mwenye haki kilicho chake au kumwomba akuhalalishie. Wewe umerudisha fedha. Idhini hukuiomba, na idhini nayo ilikuwa mali yao. Watu 28 walikukopesha bila kujua kwamba wanakopesha, na pengine wangekukopesha kwa furaha kama ungewapigia simu usiku ule. Hiyo nafasi ya kukufanyia wema uliwanyima.

Ikumbuke habari ya mtu aliyetumwa na Mtume (S.A.W.) kukusanya zaka, akarudi akavigawa alivyokuja navyo mafungu mawili, hili lenu na hili nimezawadiwa mimi. Mtume alilizungumza jambo hilo juu ya mimbari mbele ya watu, bila kulitaja jina la mtu yule. Hapo pana mizani: jambo la umma lilisemwa mbele ya umma, na mtu hakudhalilishwa.

Kuhusu hofu yako kwamba dini itachafuka, mtazame Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, mwana wa Mombasa hii hii. Mwaka 1930 alianza kutoa karatasi yake ya Sahifa, na mwaka 1932 gazeti la Al-Islah, akiwaeleza Waislamu wa pwani kwa Kiswahili chao wenyewe kasoro zao, uzembe wao katika elimu na mambo waliyoyaingiza katika dini. Hakuwa akikiri dhambi yake binafsi, hilo nalijua, lakini alikuwa akiyafunua madonda ya watu wake mbele ya watawala wa kikoloni na wageni wengine ambao wangeweza kuwacheka. Mwaka 1937 alikuwa Kadhi Mkuu, na baadaye mwanafunzi wake, Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, alikuja kukikalia kiti hicho hicho. Aliwalea watu kwa kuwaambia kweli, na walimfuata.

Waambie kamati, kisha wanachama. Usiwaambie mtaa, mtaa haukukupa fedha.

Mwalimu mstaafu wa Freretown amejibu:

Mwanangu, mimi ni Mkristo na mzee wa kanisa, na nimeyasoma maneno ya Ustadh kwa shukrani. Niongeze jambo moja la huku kwetu, kwa sababu kila nipitapo kwenye ile kengele ya zamani ya Freretown humkumbuka mtu ambaye vijana wengi hawamjui.

William Jones alikuwa mmoja wa Waafrika waliookolewa utumwani wakalelewa Uhindi, kisha wakarejea pwani yetu kuhudumu katika misheni. Mwaka 1885 alifanywa shemasi, na mwaka huo huo akafuatana na Askofu James Hannington katika safari ya kwenda Uganda. Askofu alitangulia na watu wachache, akauawa Busoga mwezi wa Oktoba, na Jones akabaki nyuma na msafara mkubwa wa watu waliochoka, mamia ya maili kutoka nyumbani. Aliwarudisha. Mapema mwaka 1886 waliingia Rabai, na mbele ya msafara ilitangulia bendera ya buluu yenye neno moja kwa herufi nyeupe: Ikabodi. Wasomaji wa Biblia wanalijua neno hilo katika Samweli wa Kwanza, sura ya 4, maana yake kwamba utukufu umeondoka.

Hebu fikiri. Angeweza kuingia kimya, akaingia ofisini, akaieleza hasara hiyo kwa wakubwa wachache. Kosa halikuwa lake, na bado aliutanguliza ukweli mchungu mbele ya watu aliokuwa akiwaongoza, ili asiwepo wa kuusikia pembeni. Sidhani kama kuna mpagazi aliyemdharau siku ile.

Tunaikariri Sura ya Sita ya Katiba ya 2010 tunapowapima magavana na wabunge, hasa Kifungu cha 73 kinachosema kwamba mamlaka ni dhamana ya umma, lakini mtu hujifunza dhamana kwenye mahema na viti kabla hajapewa kaunti. Nilifundisha kwa miaka 34 na sikumbuki mwanafunzi aliyebadilika kwa hotuba yangu ya gwaride. Wapo walioniambia, wakiwa watu wazima, kwamba walibadilika siku nilipomwomba radhi mbele ya darasa mtoto niliyemwadhibu kwa kosa la mwenzake. Kijana wako wa miaka 19 anakiona kwako kitu asichoweza kukifikia, mtu asiyekosea. Siku naye atakapoteleza, atakuwa na nini cha kushika?

Mweka hazina wa Kongowea amejibu:

Mwanangu, nimeshika daftari la chama cha akina mama wauza samaki na mboga kwa miaka 11, na nimesoma majibu yote kwa makini. Wazee wangu, Ustadh na Mwalimu, wamesema vyema, lakini naona kuna mtu ambaye hakuna aliyemtaja.

Kwa kawaida ya vyama vyetu, 8,500 zilizorudi baada ya siku 19 si jambo la kuvunja chama. Tumesamehe makubwa kuliko hayo. Kinachonitia wasiwasi ni daftari. Umeandika kwamba mteja alilipa siku ile ulipoweka fedha benki, na maana yake ni kwamba mteja yule, ambaye alikulipa kwa wakati na mkononi, ameandikwa kuwa alichelewa kwa karibu wiki 3. Vyama vingi vina sheria kwa wateja wanaochelewesha. Je, chenu kinayo? Na risiti uliyompa siku ya Jumamosi ina tarehe gani?

Umesema hakuna aliyepungukiwa. Mimi nadhani yupo, na jina lake limo katika mwandiko wako. Mwende huyo kabla ya kamati, kabla ya kikao, na kabla ya mawaidha. Kisha mpelekee mweka hazina wako daftari, mstari ule usifutwe wala usichanwe, ukatwe kwa mstari mmoja unaosomeka, iandikwe tarehe ya kweli, na mtie sahihi watu 2. Na kuanzia hapo fedha zilipwe moja kwa moja katika akaunti ya chama, zisipitie mfuko wa mtu, hata mfuko wa mcha Mungu. Nasema hivyo bila kukuvunjia heshima, kwani nami sijiamini na fedha za watu usiku ambao mwanangu ni mgonjwa.

Mwana wa Mtongwe amejibu:

Nimechukua siku 6 kabla ya kurudi hapa, mniwie radhi.

Swali la Bi Mweka hazina lilininyima usingizi, kwa sababu sheria hiyo tunayo, na ni mimi niliyeipendekeza: mteja anayechelewesha malipo kwa zaidi ya wiki 2 hakodishiwi tena mpaka alipe kiasi chote mapema. Nilipolifungua daftari la mwezi wa Januari nilikuta kwamba yule mteja, mama mmoja wa Shika Adabu, alirudi kwetu kutaka mahema ya arobaini ya mumewe. Siku hiyo sikuwapo. Vijana walitazama daftari, wakamtaka alipe zote siku hiyo hiyo, naye akaenda kukopa kwa jirani. Hakulalamika. Alidhani ndiyo kawaida yetu.

Nilikwenda kwake Alhamisi baada ya Alasiri, nikakaa barazani, nikamweleza tangu mwanzo mpaka mwisho. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza habari za mama yangu, na baada ya hapo akasema kwamba mimi amenisamehe, lakini vijana walizungumza naye kama mtu asiyelipa madeni, mbele ya shemeji zake, na angependa na hilo lirekebishwe.

Kamati nimeiambia. Mweka hazina, ambaye ni Mkristo na rafiki yangu tangu shule ya msingi, alisikitika kwamba sikumpigia simu usiku ule, na kwake hilo lilikuwa zito kuliko fedha. Mjumbe mmoja anataka nijiuzulu, nami nimemwambia kwamba sitalipinga pendekezo lake likiletwa. Kaka wa Changamwe, ushauri wako niliupokea kwa mapenzi, na huenda chama kikatikisika kama ulivyosema. Yule kijana nilimwita peke yake jana usiku nikamwambia mwenyewe, ili asilisikie ukumbini kwanza. Hakusema neno, alinisindikiza mpaka mlangoni kwangu.

Kikao ni Jumapili saa kumi alasiri. Naibu wangu ndiye atakayekiongoza, nami nitakaa pamoja na wanachama wengine. Yule mama amesema atakuja, na atakuja na risiti yake.