Redio ya BL-5C: je, naweza kuiwekea betri kubwa ya 18650?

Mwana wa Ludewa:
Habari zenu, ndugu zangu. Mama yangu anaishi kijijini, na kila jioni husikiliza redio ndogo inayotumia betri ya BL-5C, ile ya simu za Nokia. Betri hiyo yenye volti 3.7 na ujazo wa mAh 1020 humwishia baada ya saa tano hivi, na kesho yake hana budi kuipeleka redio kwa jirani mwenye paneli ya umeme jua. Ninazo selo mbili za 18650, yaani betri za mviringo za kuchaji, nilizozitoa katika betri ya kompyuta mpakato iliyokufa, zimeandikwa volti 3.7 na mAh 2600. Je, naweza kuziunganisha mahali pa ile ndogo bila kuiharibu redio? Naomba maelezo ya kina, kwa sababu nikishaipeleka kijijini sitakuwa karibu kuirekebisha.

Fundi wa Uyole:
Ndugu, kuhusu redio yenyewe usiwe na hofu. Redio huchota mkondo inaouhitaji tu, kwa hiyo ujazo mkubwa hauiunguzi. Kinachounguza ni volti kuzidi. Ikiwa mAh 1020 zinadumu saa tano, basi redio inakula mkondo wa takriban mA 200, na selo moja ya mAh 2600, kama bado ni nzima, itafikisha saa kumi na mbili. Ukitaka kutumia zote mbili, ziunganishe sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, baada ya kupima kwa mita kwamba volti zake zinalingana, la sivyo iliyojaa itaimiminia iliyopungua mkondo mkali. Usizipange kwa mfuatano hata kidogo, maana zikijaa zitatoa volti 8.4, na redio hiyo ilitengenezwa kwa betri ambayo haipiti 4.2.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni ulinzi. Ndani ya BL-5C mna kibao kidogo cha sakiti kinachokata umeme betri inapochajiwa kupita kiasi, inapoishiwa mno, au chanya na hasi zinapogusana. Selo zako hazina kibao hicho, kwa kuwa kilichokuwa kikizilinda kilikuwa kimoja kwa pakiti nzima, nawe umekiacha humo. Redio nyingi za bei nafuu hutegemea kibao cha betri, kwa hiyo ukiitoa betri ya zamani umemtoa na mlinzi. Nunua moduli ya TP4056, yaani kibao kidogo cha kuchajia selo kama hizi, iliyo na ulinzi, utaitambua kwa alama B+, B−, OUT+ na OUT−. Selo iende kwenye B, redio iende kwenye OUT, kisha uzibe tundu la zamani la kuchajia, kwa sababu chaja mbili hazipaswi kuhudumia betri moja.

Mzee wa Mita:
Mwanangu, maelezo ya fundi ni sahihi, ila sikubaliani na selo za kompyuta iliyokufa kwa redio itakayokaa kando ya kitanda cha mama. Selo iliyoshuka chini ya volti 2 usijaribu kuichaji kabisa. Iliyobaki juu ya hapo ichaji hadi 4.2 ukiwa unaiangalia, iache wiki mbili bila kuigusa, kisha uipime tena. Ikiwa imeshuka sana, iache. Ukiamua kununua mpya, jihadhari na zilizoandikwa mAh 9900, maana selo ya ukubwa huo, mm 18 kwa 65, kwa kawaida hushika kati ya mAh 2000 na 3500, na ile ya kweli huwa na uzito wa gramu 45 hivi.

Usiunge waya kwa risasi ya kuyeyusha juu ya selo yenyewe, kwani joto huiumiza ndani. Tumia kishikio cha plastiki chenye springi. Mwaka 2007 Nokia ilitoa tahadhari kuhusu betri milioni 46 za BL-5C zilizotengenezwa na Matsushita, kwa kuwa baadhi ziliweza kupata joto kali zikichajiwa. Ikiwa kiwanda kikubwa kilikosea, sembuse sisi tunaounganisha mezani.

Mwalimu wa Fizikia:
Naongeza kuhusu paneli ya jirani. Moduli ya TP4056 huja ikiwa imepangwa kuchaji kwa A 1, na paneli ndogo huenda isiweze kutoa mkondo huo. Kizuizi (rezista) cha kΩ 1.2 kilichomo ukikibadilisha kwa cha kΩ 2, mkondo hushuka hadi mA 580 hivi. Mama hatalazimika kuijaza kila siku: akisikiliza saa tano anatumia mAh 1000 tu, ambazo saa mbili za jua zuri zitazirudisha, na siku ya mawingu bado atakuwa na akiba ya jioni nyingine.

Mwana wa Ludewa:
Nawashukuru sana, na kwako mzee, shikamoo. Nimepima: selo moja ina volti 3.6, nyingine 1.4, kwa hiyo zote mbili naziacha na nitanunua moja mpya. Kwa kuwa 18650 haiwezi kuingia mahali pa BL-5C, nitafunga kishikio na moduli mgongoni mwa redio ndani ya kiboksi cha plastiki chenye matundu ya hewa. Nitaitumia mwenyewe hapa mjini mwezi mzima, nikiichaji mchana tu, kabla ya kumpelekea.