Naomba ushauri: naogopa kuendesha Noah ya kukodi mpaka Lushoto na familia nzima

Mama Wawili
Habari za jioni wakuu. Leo wenye kejeli mnivumilie kidogo, nina jambo linaninyima usingizi.

Mimi ni mama wa miaka 38, naishi Tegeta. Leseni ninayo, daraja D, huu mwaka wa nne. Lakini nikisema ukweli, safari zangu zote ni Tegeta–Mwenge kazini na kurudi, na Jumamosi sokoni. Gari langu ni Vitz. Mbali kabisa nimewahi kufika Bagamoyo, na siku hiyo nilikaa nyuma ya daladala njia nzima.

Sasa tarehe 22 tunakwenda Lushoto siku tano. Mimi, mume, watoto wawili, mama mkwe na shemeji yangu. Vitz haitutoshi, mume amekodi Noah, laki na ishirini kwa siku, mafuta juu yetu. Yeye haendeshi, ana tatizo la macho na daktari alimkataza. Shemeji ndiyo kwanza ana leseni ya kujifunzia. Dereva tuliyempigia alitaja bei ya kwake, ukijumlisha na malazi na chakula bajeti inapasuka. Kwa hiyo dereva ni mimi.

Tangu tulipe kianzio silali. Nikifumba macho naona kona. Nikizifumbua naona gari la watu limekwaruzika. Nilimwambia mume, akanijibu "kwani gari si gari?" Nyie mliowahi kuendesha gari refu msilolizoea, la kukodi, mlifanyaje? Au nighairi mapema?

Kijana wa Ubungo
Pandeni basi stendi ya Magufuli asubuhi, mchana mnakula pichesi Lushoto. Kujitesa kwa nini?

Mama Wawili
Kijana wa Ubungo, tumeliwazia. Mama mkwe ana magoti, hapandi boda. Tukifika kule bila gari atakaa chumbani siku tano anaangalia ukuta.

Mzee wa Semi
Dada Mama Wawili, pole. Nimesukuma semi njia ya kaskazini miaka 19, sasa nimeacha nafuga kuku. Kwanza nikuulize: unaogopa gari, barabara, au watu? Umevitia vyote kapu moja ndiyo maana huwezi kulibeba. Gari mafundi watakuambia. Watu, utajibu mwenyewe. Mimi nikueleze barabara.

Wewe ni wa Tegeta, usihangaike na Kibaha wala Chalinze. Nyoosha Bagamoyo, shika ile ya Msata, kilomita 64 hivi. Ni mahali pazuri pa kulizoea gari kabla hujakutana na wakubwa. Ondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri. Ukitokeza Msata umeingia barabara kuu, na mwezi wa 12 unaujua: Wachaga wa Dar wote wanakwenda nyumbani. Watakupita kama umesimama. Waache. Yule ana mbege inamsubiri Marangu, wewe huna. Kaa 70 mpaka 80, shika kushoto kwako, ukiona msururu nyuma yako tafuta mahali papana, wapishe, endelea.

Kuovateki ndiko kunakoua, kwa hiyo sikiliza vizuri. Lori la mbele likiwasha indiketa ya kulia linakuambia usitoke, kuna kitu kinakuja. Likiwasha ya kushoto linakuambia pita. Mimi nimewapa watu hiyo ya kushoto mara elfu na zaidi, lakini usiiamini peke yake, kwa sababu pengine dereva anataka tu kuegesha akachimbe dawa. Mpaka uone lami tupu kwa macho yako mwenyewe. Huoni, tulia nyuma yake, hata kama ni kilomita kumi. Na ukikuta majani mabichi yametandazwa barabarani, punguza papo hapo, mbele kuna gari limekufa.

Tochi, ile ya polisi ya kupima mwendo. Mbwewe, Mkata, Kabuku, Segera, kote huko kuna vibao vya 50. Hamsini haiishi nyumba zinapoisha, inaisha kwenye kile kibao chenye mstari. Watu wengi wanakamatwa kwenye hicho kipande cha mwisho, wameshaona pori wakadhani wametoka kijijini. Faini ni elfu 30 na inaandikwa kwenye namba ya gari.

Usiku usiendeshe. Jua likizama uko Korogwe, lala Korogwe.

Dume la Mbegu
Mzee wa Semi kamaliza. Mods fungeni uzi.

Fundi wa Tabata
Hajamaliza, bado breki.

Dada, Noah nyingi za kukodi ni auto. Kwenye gia utaona D, chini yake 2 na L, toleo jingine S na B. Nyingine zina kitufe cha O/D (ovadraivu, gia ya mwendo mkubwa) pembeni ya gia. Kupanda mlima D inatosha, gari likianza kuhangaika zima O/D. Kushuka ndiko kwenye mtihani. Weka 2 KABLA hujaanza kushuka, si ukiwa katikati. Injini itanguruma mpaka abiria wageuke. Iache ingurume, ndiyo inayolishika gari. Breki unakanyaga ya uhakika, mwendo ukipungua unaachia. Ukiegemeza mguu kwenye pedali njia nzima, pedi zinaungua, mafuta ya breki yanachemka, halafu siku unayoihitaji pedali inazama mpaka chini na gari haliko nawe. Na asitokee mtu akakwambia uweke N kubana mafuta. Huyo mshushe.

Siku ya kulichukua: washa injini, kanyaga breki ushikilie dakika nzima. Pedali ikizama polepole, lirudishe hapo hapo. Kwenye tairi tafuta tarakimu nne ndani ya duara dogo la yai. 0719 maana yake wiki ya 7 mwaka 2019. Tairi la zamani sana hata likiwa na meno linadanganya. Fungua buti uone spea ina upepo, jeki ipo, spana ya nati ipo na inaingia kwenye nati za gari HILO. Pembetatu mbili, mtungi wa moto. Nimeona mtu amekwama Kabuku ana spea nzuri na spana ya gari jingine.

Bi Hawa wa Kigamboni
Mwanamke mwenzangu, wanaume wamekupa gari na barabara. Mimi naona hofu yako iko kiti cha nyuma. Sema kweli, ni mama mkwe?

Mama Wawili
Bi Hawa umenishika pabaya. Mama ni mtu mwema, lakini akiwa kwenye gari langu anavuta pumzi kwa meno kila nikikaribia boda. "Ssss!" Mimi nakanyaga breki bila sababu.

Na kuna jingine sikulisema. Miaka mitatu nyuma tulikodi gari la harusi ya mdogo wangu, nikaliendesha mimi, Sinza tu hapo. Kurudisha, mwenyewe akaonyesha mkwaruzo mlango wa nyuma. Naapa sikuuona ukitokea. Dhamana yote ya laki tatu ikaenda, na mpaka leo nyumbani ikitajwa harusi ile, unatajwa mlango. Nadhani sijaacha kuuendesha ule mlango.

Mzee wa Semi
Haya. Sasa tumejua tunazungumza nini.

Bi Hawa wa Kigamboni
Mlango wa zamani dawa yake ni video. Siku ya kuchukua zunguka gari zima unarekodi, mchana kweupe, mwenye gari akiwemo kwenye picha na sauti yake ikisikika. Bampa, rimu, kioo, paa, viti, dashibodi na kipimo cha mafuta, kilomita zilizosomeka. Kila mkwaruzo uutaje kwa mdomo, halafu uandikwe kwenye mkataba msaini wote. Mtumie hiyo video WhatsApp pale pale, ibaki na saa yake. Asiyetaka kurekodiwa, gari lake libaki kwake.

Mama mkwe muweke kiti cha mbele.

Mama Wawili
Mbele?!

Bi Hawa wa Kigamboni
Mbele. Aliyekaa nyuma haoni barabara, anaona kisogo chako na breki za ghafla, lazima avute meno. Na mwenye magoti anyooshe miguu. Mpe kazi: vibao vya 50 ni vyake. Mumeo akae nyuma na watoto, juisi na matapishi viwe idara yake.

Dume la Mbegu
Idara ya matapishi 😂😂 shemeji pole.

Karani Mstaafu
Naongeza dogo. Bima. Uliza ni kubwa au ndogo, kisha usiridhike na jibu, iangalie mwenyewe kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, kwa namba ya gari. Bima ndogo inamlipa uliyemgonga, gari ulilokodi linabaki juu yako. Halafu soma matumizi yaliyoandikwa. Gari lililokatiwa bima ya matumizi binafsi na huku linakodishwa, siku ya ajali kampuni ya bima inaweza kukataa. Mkataba useme pia wazi ajali ikitokea wewe unabeba kiasi gani, na jina LAKO liwe kama dereva. Mumeo ndiye aliyekodi, sivyo? Basi jina lako pengine halimo kabisa.

Faini nazo, mfumo wa polisi unaonyesha madeni kwa namba ya gari. Chungulia asubuhi ya kulichukua gari, uyapige picha, usije ukalipia tochi za aliyekutangulia.

Mama Wawili
Nimempigia mwenye gari sasa hivi. Jina langu halimo kweli. Bima anasema ni kubwa, matumizi "atacheki".

Karani Mstaafu
Asipocheki mpaka kesho tafuta gari jingine. Kianzio kinauma, lakini si kama gari zima.

Msambaa wa Soni
Mmemtisha dada wa watu mpaka mlima wetu umekuwa Kilimanjaro. Mombo mpaka Lushoto ni kilomita 33, lami. Kona ni nyingi kweli na korongo lipo, lakini ni kona zinazokulazimisha uende taratibu. Ukienda 30 hakuna atakayekushangaa, labda vijana wa Noah za abiria.

Kona usiyoona mbele yake piga honi, zima redio usikie ya mwenzako. Basi likija na njia imebana, simama mapema palipo pana, usisubiri mkutane kwenye kona. Anayeshuka ndiye anayempisha anayepanda, lakini usidai haki yako na basi. Usikate kona hata kama unaona ni tupu. Alasiri mara nyingi ukungu na mvua vinashuka, pandeni kabla ya saa nane. Ukikuta ukungu tumia taa za chini, fulu itakurudia usoni.

Soni mpumzike, maporomoko yako jirani na barabara na mwezi wa 12 pichesi na plamsi zimejaa. Kwenda Irente, kule kwenye jabali la kutazama bonde, kuna kipande cha vumbi, mvua ikinyesha usilazimishe, chukueni bajaji au mngoje kukauke. Mama afike pale juu aione Mazinde chini kama kitambaa. Na beba masweta, watu wa Dar huwa mnadhani tunatania.

Mzee wa Semi
La mwisho kwangu. Lichukue gari siku moja kabla. Laki na ishirini ya ziada, ndiyo. Jumapili asubuhi nenda nalo Bagamoyo tupu, peke yako. Noah ni ndefu kuliko Vitz kwa zaidi ya nusu mita na pua yake iko karibu na miguu yako, utadhani unakalia bampa. Tafuta uwanja, weka ndoo mbili, rudi nyuma kinyumenyume mpaka ujue matako ya gari yanaishia wapi. Usiwe na abiria wa kuvuta meno.

Mama Wawili
MREJESHO. Heri ya mwaka mpya wakuu, samahani kwa kuchelewa.

Mwenye gari wa kwanza hakucheki chochote, tukapata mwingine, ghali kidogo. Kianzio alirudisha nusu, nusu imekwenda na maji. Jina langu limo, video ya dakika kumi na moja imo. Jumapili nilikwenda Bagamoyo na ndoo zangu. Ya kushoto niliigonga mara nne. Watoto wa pale walikuja kukaa kuangalia.

Safari, tulitoka saa kumi na mbili badala ya kumi na moja na nusu kwa sababu ya mtu mmoja na uniti za umeme. Mama mkwe mbele. Jamani, yule mama ni tochi ya kuzaliwa. "Hamsini hiyo, mwanangu." "Bado haijaisha." Kabuku polisi alitusimamisha, akaangalia leseni, akamsalimia mama, akatuachia. "Ssss" niliisikia mara mbili tu, na zote mbili alikuwa na haki. Mombo tulifika saa saba na robo, mgongo umekufa. Mlima nilipanda kwa 25 nimezima redio, mikono imelowa jasho. Basi moja lilinikuta pabaya, dereva akarudi nyuma yeye mwenyewe na kunipungia. Sijui ni nani, lakini Mungu ambariki.

Kushuka ndiyo niliharibu. Furaha ya kuondoka, picha za kuaga, nikasahau gia, nikashuka na D. Hatujafika Soni mama akasema "kuna kitu kinaungua". Mume akasema ni nje. Mama akasema siyo nje. Nikasimama Soni nusu saa, rimu za mbele huwezi kusogeza mkono, wakanunua plamsi ndoo nzima. Kutoka hapo ni 2, injini ikilia kama trekta mpaka Mombo, pedali imara.

Dhamana imerudi yote. Mwenye gari alizunguka mara mbili, nikamfungulia video, akacheka.

Fundi wa Tabata
Ulimwambia kuhusu breki?

Mama Wawili
Nilimwambia Fundi. Akasema atazitazama pedi kabla hajampa mtu mwingine.

Kijana wa Ubungo
Mkuu naomba namba ya huyo mwenye Noah, Pasaka tuna msiba wa kumaliza Same.

Mama Wawili
Njoo inbox. Chukua na ndoo zangu.