Kila kitengo kina mteja wake: meneja wa bidhaa awaunganishe vipi?

Muuliza (Mjini, Unguja)

Assalamu alaykum ndugu zangu. Nasimamia bidhaa katika kampuni ndogo inayotengeneza programu ya simu kwa ajili ya biashara ya mwani, ambayo humwonesha mkulima kilo zilizopimwa, bei ya siku hiyo na fedha anazodai. Taarifa za wateja tunazo nyingi, lakini kila kitengo kina mteja wake. Wenzetu wa mauzo humfikiria mnunuzi wa mwani anayelipia huduma, nao hudai ripoti zaidi. Waandishi wa programu humfikiria mtu mwenye simu ya kisasa. Dada zetu wa huduma kwa wateja, wanaopokea simu kutoka Paje na Jambiani, wanamjua mama anayesomewa ujumbe na mwanawe akirudi skuli. Mimi si mkubwa wa yeyote kati yao. Nitawaunganisha vipi bila ya kuamrisha?

Mkaazi wa Chake Chake

Waalaykumu salaam. Kubeba dhima bila ya madaraka ndiyo hali ya kazi hii tangu mwanzo wake. Neil McElroy wa Procter & Gamble, kampuni ya Marekani ya sabuni na bidhaa za nyumbani, alipoandika waraka wake wa mwaka 1931 wa kuomba watu wa kusimamia chapa moja moja, kazi iliyozaa hii ya umeneja wa bidhaa, aliwataka wasome takwimu za mauzo, na pale mauzo yalipokuwa dhaifu waende wenyewe kuzungumza na wauza duka na wanunuzi. Nguvu ya meneja, basi, ni ushahidi, na ushahidi huo huwa na uzito zaidi wenzako wakiusikia kwa masikio yao kuliko ukiwaandikia ripoti.

Chukua mtu mmoja kutoka kila kitengo mwende pamoja, lakini chagueni siku kwa kufuata maji. Wakulima huingia pwani wakati wa bamvu, maji yanapokupwa sana, na kumwita mtu kikaoni saa hizo ni kumkatia riziki yake. Siku za bamvu tazameni tu, na mwandishi wa programu aone mikono iliyolowa maji ya chumvi kabla ya kuamua ukubwa wa vitufe. Mahojiano yawe siku za maji mafu, yasipokupwa sana, na sheha, kiongozi wa shehia, awe amekwisha arifiwa.

Tafadhali msiulize, "Je, ungependa kipengele hiki?" Mgeni kwetu hajibiwi hapana, na mtarudi mjini na ndiyo nyingi zisizo na maana. Ulizeni mara ya mwisho alipouza: nani alipima, iliandikwa wapi, alilipwa lini, na pale hesabu zilipotofautiana alimwendea nani.

Bi wa Huduma kwa Wateja (Wete)

Nakubaliana na ndugu yangu wa Chake, ila ningeanza na kumbukumbu za simu zilizokwisha pokelewa, kwa kuwa huko malalamiko yamo kwa maneno ya wenyewe. Mwandishi wa programu akae asubuhi moja kila wiki pembeni ya dada anayepokea simu, asikilize tu.

Lakini naona kuna jambo zito zaidi. Mnunuzi na mkulima ni wateja wawili, na wanapofika kwenye mzani maslahi yao hugongana. Mkiendelea kusema "mteja" bila ya kutaja yupi, kila kitengo kitakuwa na haki na hakuna kitakachoamuliwa. Kila pendekezo liandikwe kwa kutaja linamsaidia nani na linamgusa vipi yule mwengine, na watu wa mauzo wasimuahidi mnunuzi tarehe kabla waandishi wa programu hawajasema kazi hiyo ina ukubwa gani.

Muuliza (Mjini, Unguja)

Ahsanteni sana. Hilo la mzani hatujawahi kulijadili waziwazi. Je, mkulima apate ujumbe wa uzito papo hapo mnunuzi anapouingiza?

Bi wa Huduma kwa Wateja (Wete)

Ndiyo, tena uwe ujumbe mfupi wa kawaida usiohitaji intaneti, aweze kuuliza kabla gunia halijaondoka. Ila namba ya simu mmuulize mkulima mwenyewe, faraghani, kwani simu iliyosajiliwa inaweza kuwa ya mume au ya kaka, na si kila mama anataka hesabu zake zisomwe na mwengine kwanza.