Naomba ushauri: majina ya makala za kaunti za Korea

Ndugu wahariri wenzangu, habari za kazi. Naandaa makala fupi za kaunti za Korea Kusini kwenye kamusi elezo yetu, na nimekwama kwenye majina.

Kinachonisumbua zaidi ni Goseong. Iko Goseong ya mkoa wa Gangwon, kaskazini-mashariki kabisa mpakani, na nyingine ya Gyeongsang Kusini, pwani ya kusini. Kwa Kikorea zote zinaandikwa 고성. Tena ile ya Gangwon iligawanywa na mstari wa kusitisha vita wa 1953, kwa hiyo Korea Kaskazini nayo ina Goseong yake, ila kwa herufi za Kilatini huko huandikwa Kosong, kwani tahajia mpya ya Kusini ya mwaka 2000 haitumiki Kaskazini.

Nilijaribu kuweka mkoa kwenye mabano: "Goseong (Gangwon)". Haikutosha, maana Kaskazini pia kuna mkoa wa jina hilohilo. Isitoshe mipaka yenyewe hubadilika: kaunti ya Gunwi ilitoka mkoa wa Gyeongsang Kaskazini ikaingia jiji la Daegu Julai 2023, na jina lenye mkoa lingelazimika kuhamishwa. Kwa maoni yangu mkoa utajwe pale tu majina yanapogongana.

Naomba mnisaidie mawili. Je, za Kaskazini niziandike kwa tahajia ya kwao, au zote zifuate ya Kusini? Na kichwa kianze na "Kaunti ya" au jina litoshe, kama tunavyoandika miji?

Natanguliza shukrani.