MJADALA: Je, ilikuwa haki Cecil Taylor kulipwa kwa muziki ambao wengi hawakuuvumilia?

Mtoa mada:

Wakuu, naomba tuijadili hoja hii kwa utulivu. Mpiga piano Cecil Taylor wa New York alifariki Aprili 2018 akiwa na miaka 89, na wapenzi wa jazi hawajaacha kubishana juu yake. Wapo wanaosema tuzo na fedha alizopewa zilipotea kwa mtu aliyewapigia wachache. Mimi nasema alistahili kila senti, na kosa ni kwamba zilimfikia akiwa amezeeka.

Tuanze na dai kwamba alikuwa anagongagonga tu. Huyu alisoma chuo cha muziki cha New England Conservatory, Boston. Albamu yake ya kwanza, iliyorekodiwa 1956, ina nyimbo za watunzi wakubwa kama Thelonious Monk, Duke Ellington na Cole Porter. Isikilize kwa makini utamsikia mtu anayeujua wimbo, kisha anaufumua uzi kwa uzi. Baadaye akaachana kabisa na mapigo ya kuhesabika. Viganja na viwiko vikashuka kwenye piano, sauti zikaja kwa mafuriko, zikatulia, zikaja tena. Mwandishi Val Wilmer aliifananisha piano yake na ngoma 88, kila moja imewambwa kwa sauti yake. Mfano huo ndio ulionizibua masikio. Awali nilikuwa nasubiri wimbo wa kuimbika na haukuja. Nilipoanza kuifuata mikono yake kama ninavyowafuata wapiga ngoma wanaojibizana, nikausikia mpangilio.

Na mpangilio upo. Wenzake aliwafundisha vipande vifupi kimoja kimoja, kwa kuwapigia na kwa herufi alizoziandika mwenyewe badala ya noti za kawaida. Jimmy Lyons, mpiga saksafoni, alikuwa naye tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi alipofariki 1986. Mwanamuziki wa kiwango kile hawezi kukaa robo karne kwenye kelele tupu.

Lakini mtu huyu, aliyepiga kwenye kilabu cha Five Spot 1956 na tamasha la jazi la Newport 1957, aliosha vyombo migahawani ili apate kula. Sababu inaeleweka. Kilabu huishi kwa vinywaji vinavyoagizwa kati ya wimbo na wimbo, na kipande kimoja cha Taylor kingeweza kwenda saa nzima bila kituo. Mwaka 1966 kampuni ya rekodi ya Blue Note walimrekodia albamu mbili, Unit Structures na Conquistador!, ambazo leo zinahesabiwa miongoni mwa nguzo za jazi huria, yaani jazi isiyofungwa na mapigo wala kanuni za kawaida. Hawakumrekodia ya tatu. Soko lilikwishatoa hukumu, na hukumu hiyo haikuwa sahihi. Nawasikiliza.

Mchangiaji wa kwanza:

Mtoa mada, nakuheshimu, ila umeruka mambo. Kuna filamu ya Ken Burns ya 2001 kuhusu historia ya jazi. Humo mpiga saksafoni Branford Marsalis aliulizwa kuhusu msimamo wa Taylor kwamba kwa kuwa yeye hujiandaa kabla ya onyesho, na msikilizaji ajiandae. Marsalis aliukataa kwa maneno makali, na mimi niko naye. Mimi nimetoka kazini nimechoka, nimelipa kiingilio, bado nidaiwe na kazi ya nyumbani?

Hata wakongwe wenzake hakuwasikiliza. Aprili 1977 mpiga piano mkongwe Mary Lou Williams alimwalika wapige pamoja kwenye ukumbi wa Carnegie Hall, New York, piano mbili, na wengi waliokuwepo waliona Taylor amemfunika mwenyeji wake. Chuo Kikuu cha Wisconsin alipofundisha mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliwafelisha wanafunzi wengi. Mtu asiyempa mwingine nafasi, kwa nini kodi ya watu wa kawaida imlipe?

Mtoa mada:

Mkuu, hilo la Carnegie Hall nakubali. Rekodi ipo, na kila ninapoisikiliza naumia kwa ajili ya Mary Lou Williams. Sitamtetea hapo.

Kuhusu kodi, tutenganishe. Guggenheim walimpa ruzuku 1973, MacArthur 1991. Hizo ni taasisi za binafsi. Heshima ya Jazz Master, inayotolewa kwa magwiji wa jazi, aliyopewa mwaka 1990 ndiyo iliyotoka kwa chombo cha serikali, na alikuwa na miaka 60 na zaidi. Walipa kodi hawakumlea huyu mtu. Alijilea mwenyewe kwa sabuni ya vyombo.

Kuhusu kujiandaa, mbona kwenye ushairi hatulalamiki? Asiyejua vina na mizani atasikia shairi, lakini nusu yake itampita, na hatumwambii mshairi apunguze. Juni 1978 Taylor alipiga peke yake kwenye bustani ya Ikulu ya Marekani mbele ya Rais Jimmy Carter. Alipomaliza, Carter aliinuka akamfuata kumpongeza. Carter alikuwa mkulima wa karanga kutoka Georgia, hakuwa mtaalamu wa muziki. Alichofanya ni kusikiliza mpaka mwisho.

Mchangiaji wa pili:

Naona wote wawili mnabishania tuzo, na tuzo ndiyo njia mbovu kuliko zote. Angalieni Berlin Magharibi 1988, mwaka ambao mji huo ulikuwa Mji wa Utamaduni wa Ulaya. Lebo ya rekodi ya FMP ilimwalika Taylor kwa mwezi mzima, akapiga na wanamuziki wa Ulaya na pia na Louis Moholo, mpiga ngoma wa Cape Town aliyekuwa akiishi uhamishoni. Zikatoka CD 11 kwa mpigo. Alipewa ukumbi, wenzake, muda na mtu wa kurekodi. Linganisheni na tuzo ya Kijapani ya Kyoto Prize ya 2013, yen milioni 50 mkononi mwa mzee wa miaka 84. Mkandarasi mmoja alimtapeli karibu nusu milioni ya dola katika fedha hizo, na baadaye akakiri kosa mahakamani.

Mtoa mada:

Hapo umenishinda, na nabadilisha swali langu. Nilikuwa nauliza kama alistahili kulipwa. Ningeuliza hivi: mwaka 1963, aliporudi New York kutoka Copenhagen ambako alikuwa amerekodiwa jukwaani akiwa na Lyons na mpiga ngoma Sunny Murray, nani angepaswa kumfungulia mlango wa ukumbi wenye piano nzima? Mchangiaji wa kwanza, nakusubiri wewe hasa.