Intaneti, web, brauza, Google: ni kitu kimoja au?

BintiMdadisi:
Habari zenu wakuu, naomba msinichoke. Simu nimetumia miaka mingi tu lakini haya maneno bado yananichanganya. Juzi nlikua najaza fomu mtandaoni, maelekezo yanasema "fungua brauza, andika anwani ya tovuti", mi nikaingia Google nikaandika jina, zikaja saiti kibao zinafanana nikabonyeza ya juu kabisa, nikajaza jina, namba ya simu, mara wanataka na nywila ya barua pepe yangu, hapo ndo nikashtuka nikafunga. Kakufuli na https vilikuwepo kwahiyo nlijua ni salama. Sasa intaneti na web ni kitu kimoja? Brauza ni nini na Google ni nini? Nielezeni kama mtu asiyejua kabisa maana ndo ukweli wenyewe.

Fundi_Nyaya:
Dada pole, na ulifanya la maana kufunga. Kama nywila ulishaiandika hata nusu kabadilishe kwanza ndo urudi kusoma.

Intaneti ni njia. Yaani nyaya (nyingine zimelazwa chini ya bahari kutoka bara hadi bara), minara, ruta, pamoja na makubaliano ya jinsi kompyuta zinavyopeana data, yanaitwa TCP/IP na mtandao wa ARPANET, ule wa Marekani uliotangulia intaneti, ulihamia huko tarehe 1 Januari 1983. Web ni moja ya vitu vinavyopita kwenye hiyo njia, zile kurasa zenye linki unabonyeza hapa unatokea kule. Aliyeibuni ni Tim Berners-Lee, akaipendekeza 1989 akiwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kule Uswisi, na 1993 CERN wakaiachia dunia nzima itumie bure. Ukitaka ushahidi kwamba ni vitu viwili, barua pepe zilikua zinatumwa kati ya kompyuta na kompyuta tangu 1971, web haijazaliwa.

Brauza ni programu iliyoko kwenye simu yako ya kufungulia kurasa: Chrome, Firefox, Safari. Kurasa zenyewe zinakaa kwenye seva, ambayo ni kompyuta inayokaa macho muda wote ikisubiri kuombwa. Google ni tovuti kama tovuti nyingine, kazi yake kukutafutia. Kinachochanganya watu ni kwamba kile kisanduku cha juu kwenye brauza kinapokea vyote viwili, ukiandika anwani kamili kinakupeleka moja kwa moja, ukiandika jina tu kinaenda kutafuta. Na majibu ya juu kabisa mara nyingi ni matangazo yaliyolipiwa, kwahiyo kuwa wa kwanza hakumaanishi ndo mwenyewe.

Mama_Seva:
Naongezea hapo kwenye kufuli maana ndo panapoumiza watu wengi na mimi pananiuma kweli. Https inamaanisha unachoandika kinafungwa kwa siri kati ya simu yako na ile seva, wa katikati hawezi kukisoma. Basi. Haisemi mwenye seva ni mtu mwema. Tapeli naye anapata cheti cha https bure ndani ya dakika chache, kwahiyo unamtumia mwizi nywila yako kwa usalama kabisa na inamfikia yeye peke yake. Chrome wenyewe walishaibadilisha ile alama ya kufuli mwaka 2023 kwa sababu watu walikua wanadhani inamaanisha tovuti yenyewe ni ya kuaminika.

Cha kuangalia ni domeini, yaani lile jina la tovuti. Tafuta mkwaju (alama hii /) wa kwanza baada ya https:// alafu kutoka hapo rudi nyuma kuelekea kushoto. Mfano benkiyako.com/fomu, ukirudi nyuma unakuta benkiyako.com, sawa. Lakini benkiyako.com.hakiki-sasa.net/fomu, ukirudi nyuma unakutana na hakiki-sasa.net, huyo ndo mwenye nyumba, yale maneno ya mbele anaandika chochote anachotaka. Zile zenye mwisho wa vipande viwili kama co.uk rudi kipande kimoja zaidi.

Mtu_wa_Data:
Na ufute kuki zote maana zile ni virusi.

Mama_Seva:
Hapana mkuu, kuki sio virusi. Ni kijimaandishi kidogo ambacho tovuti inakiacha kwenye brauza ili ikukumbuke ukirudi, bila hicho ungeingiza nywila upya kila ukurasa. Shida yake ni nyingine, kampuni za matangazo zinazitumia kukufuatilia saiti hadi saiti.

BintiMdadisi:
Asanteni sana jamani, sikuwahi kujua inasomwa kurudi nyuma. Swali la mwisho, kuna wakati meseji kwenye app zinaingia vizuri ila tovuti hazifunguki, inaandika seva haijapatikana. Sasa intaneti ipo au haipo?

Fundi_Nyaya:
Ipo. Hapo mara nyingi tatizo ni DNS. Kompyuta hazijui majina, zinajua namba, anwani za IP, mfano namba 4 zenye nukta katikati na hakuna inayozidi 255. DNS ndo inayoulizwa "jina hili namba yake ngapi?" Zamani majina yote yalikua kwenye faili moja tu ambalo kila kompyuta inalinakili, likazidi kuwa kubwa, 1983 Paul Mockapetris akabuni DNS. Ikigoma, brauza haijui iende wapi, wakati app inawezekana ilishaunganika na seva yake kabla kwahiyo inaendelea tu. Zima data uwashe, ikikataa zima ruta uiwashe.

BintiMdadisi:
Nimerudi kwenye historia ya brauza nikaisoma ile anwani ya juzi kama Mama_Seva alivyoelekeza. Jina la wenye fomu lipo mwanzoni kabisa, ila nikirudi nyuma kutoka kwenye mkwaju nakuta domeini nyingine ambayo sijawahi kuisikia. Nywila nimeshabadilisha.