Mrejesho: mdomo wa fulana kuukuu ulisimama

Ndugu zangu, niliuliza namna ya kuzuia sanamu zangu za nguo kuukuu, zinazofuata mtindo wa sanaa ya pop (sanaa inayogeuza vitu vya kawaida vya kila siku kuwa kazi za sanaa), zisilegee kabla ya maonyesho ya mji nilikozaliwa, na wengi mlipendekeza pamba. Pamba ilishindwa: mdomo mkubwa mwekundu nilioushona kwa fulana ulibonyea siku ya pili. Nikaufumua, nikatia kiunzi cha waya, nikashindilia vipande vya jinzi katikati na sponji pembeni, kwani hata Claes Oldenburg, mchongaji maarufu wa sanaa hiyo ya pop, aliijaza baga yake kubwa ya turubai ya mwaka 1962 kwa sponji na maboksi. Ulisimama hadi mwisho, ingawa mshono wa pembeni ulifumuka kwa kuminywa na watoto, ambao, kusema kweli, sikuwakataza.